Chungu cha Maji Njiani

Naomi, mama yangu,

Salamu sitaziandika, maana hujaondoka bado. Umekwenda Kinampanda kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nina saa tatu hivi za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka minane, na tayari nimepoteza nusu saa nikichonga penseli ilhali naandika kwa kalamu.

Habari za sweta, dawa ya tumbo na kutomshikia mzigo mtu usiyemjua stendi, mama yako amezimaliza. Kesho alfajiri atazirudia, nawe utasema "ndiyo mama" kama hujawahi kuzisikia. Mimi nakuandikia kwa sababu ya siku hizi tatu. Asubuhi unanipa shikamoo, naitikia marahaba, basi. Hujanikosea heshima, na sina pa kukushtakia. Lakini nimekuwa baba yako miaka ishirini na miwili, na ninaijua shikamoo yenye mtu ndani yake na ile iliyo tupu.

Uliniomba jambo dogo. Nimpigie simu yule ndugu yangu mwenye cheo, ili ukimaliza mafunzo ya upolisi upangiwe kituo cha karibu na nyumbani. Nikasema sitapiga. Ukauliza kwa nini. Nikasema ni kanuni. Ukanijibu bila kupandisha sauti:

"Baba, kata nzima unaipigia simu. Mwenye ng'ombe, mwenye shamba, mwenye kesi. Mimi ndiye nimekutana na kanuni."

Nilinyamaza. Nadhani uliona ni ukali. Nilinyamaza kwa sababu simu ya namna hiyo niliwahi kuipiga, mara moja, kwa ndugu huyo huyo, na aliyeumia ni mtu unayemfahamu.

Nimetoka nje kidogo, nimerudi. Mama yako ananyonyoa kuku wa safari yako. Kaniuliza naandika hotuba gani siku ya leo, nikamwambia ni ya kikao. Unaona? Hata leo nimeanza kwa uongo.

Kabati langu la madaftari unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukichukua ya zamani na kuchora mbuzi kwenye majalada. Naandika kila siku tangu kidato cha pili: mvua, mazao, nani alikuja, nani alifariki, kikao kilianza saa ngapi na kikaisha saa ngapi. Kwa miaka mingi nilijiona mkweli kwa sababu naandika. Baadaye nikagundua kwamba mtu anaweza kuandika kila siku na jambo lenyewe akaliacha nje ya daftari.

Leo nimefungua daftari la mwaka wangu wa kwanza wa udiwani. Siku sheria ndogo ya yowe ilipopita barazani, niliandika hivi: "Mvua hakuna. Kikao kimekwisha saa saba. Sheria ya yowe imepita bila kupingwa. Wali mzuri, kuku mgumu." Hayo ndiyo yote.

Umekulia hapa na yowe unalijua, ila ulilokulia ni lile lililobaki baada ya sheria yangu. Nilipokuwa na umri wako, ng'ombe wakiibwa, mwenye boma alipiga yowe, jirani akalipokea, na kabla uji haujachemka vijiji vitatu viko mbioni kuelekea bondeni. Hapakuwa na aliyelazimishwa kwa karatasi. Asiyekimbia, wazee walimwendea kesho yake na kumwuliza. Walikaa, wakanywa maji, wakauliza. Kama hakuwa na sababu, atatoa kuku, na kwa muda watu watampa salamu fupi njiani. Hiyo ilitosha. Nakuambia ilitosha, maana mtu wa hapa anaweza kuvumilia njaa, lakini kupita sokoni bila kusalimiwa hawezi.

Na kulikuwa na chungu. Nyumba yenye msiba, au mgonjwa wa kulala, au mzazi mbichi, mwanamume wake hakutoka. Alitoa chungu cha maji akakiweka kando ya njia, na kibuyu juu yake. Wakimbiaji wakipita wanakunywa, wanajua kwamba nyumba hii ipo pamoja nasi ila ina jambo ndani. Hakuna aliyeuliza jambo gani. Mimi mwenyewe nilikunywa maji ya namna hiyo mara nyingi, nikiwa kijana, nikikimbia na fimbo yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba ninachokunywa ni sheria.

Nikawa diwani. Mwaka wangu wa kwanza ng'ombe waliibwa mara nyingi, na watu walikuwa wakinitazama. Unajua diwani mpya anavyokuwa, anataka kitu cha kuonyesha. Nikaamua yowe liandikwe liwe sheria ndogo ya halmashauri. Niliandika rasimu mwenyewe, kwa mkono, juu ya meza hii hii. Kila mwanamume kuanzia miaka kumi na minane. Asiyetoka akamatwe na mgambo, afikishwe ofisi ya kata, atozwe faini. Mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole, aliniuliza kama kuna watu wa kusamehewa. Nikamjibu kwamba tukifungua mlango mmoja, wote watapitia hapo hapo. Wenzangu walicheka wakapiga meza. Sikukisahau chungu, Naomi. Nilikikumbuka pale pale, nikaona kinapunguza nguvu ya sheria, nikakiacha.

Kuna mtu amebisha hodi. Alikuwa kijana wa Ihanja aliyeoa huku, anataka nimsainie barua ya utambulisho. Nimesaini. Nimemwuliza habari za alizeti zake, na sikusikia alichojibu.

Sasa nikwambie habari za Mzee Mkumbo. Wewe unamjua kama mzee wa asali mwenye mkono uliopinda. Mimi nilimjua mkono ukiwa mzima, na hapakuwa na mtu aliyepanda mti kama yeye katika ukoo wetu wala wa jirani. Ndiye aliyenifundisha kutundika mizinga. Nilikuwa na pupa ya moshi, nikisokota majani mengi ili nyuki wakimbie haraka. Alinishika mkono akaniambia niache. Moshi kidogo, alisema, nyuki asogee tu. Ukimuunguza utapata nta nyeusi leo, na mwakani mzinga ni wa mijusi.

Mwaka wa pili wa sheria yangu, asubuhi moja, yowe lilipigwa ng'ambo ya bonde. Mkumbo hakutoka. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa amejifungua siku mbili kabla, na mwanawe yuko mbali kwenye kazi. Mwanamume wa nyumba ni yeye. Kwa hiyo alifanya kama baba yake alivyofanya: alitoa chungu, akakiweka njiani, na kibuyu juu yake.

Watu walipita, wakanywa, wakaenda. Ng'ombe hawakupatikana. Mchana mgambo wawili waliokuwa wakizunguka kuandika wasiotoka walifika kwa Mkumbo. Jua lilikuwa kali. Walikunywa maji yake kwanza. Hili alilisema yeye, na mgambo wenyewe hawakulikana. Walikunywa, wakarudisha kibuyu juu ya chungu, wakamfunga kamba. Alipowaonyesha kile chungu, mmoja alimwambia kwamba kwenye karatasi ya Mheshimiwa hakuna chungu. Alipokataa kutembea mbele ya wajukuu zake akiwa amefungwa, wakampiga kwa rungu, na mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiganja.

Sitaki uwafikirie wale mgambo kama wanyama. Mmoja ni yule anayetuuzia viazi. Walipewa karatasi na rungu, na karatasi niliiandika mimi.

Walimpeleka kituo kidogo cha polisi, maana ofisi ya kata ilikuwa imefungwa. Pale alikuwepo Koplo Yusto.

Najua ulipofika kwenye jina hilo umekatiza kusoma. Ndiyo, ni yeye, afande wako wa daftari. Ulikuwa darasa la saba. Uliokota simu njiani ukampelekea, na yeye hakuipokea hivi hivi. Alifungua kitabu kikubwa, akakuuliza jina lako lote, akaliandika, akakuomba usome kama amelipatia. Ulirudi nyumbani ukasema polisi amekuandika na hujafanya kosa lolote. Tangu siku ile ukawa hutaki ualimu wala unesi. Mwanzoni mwa mwaka huu, kwenye usaili, ulipoulizwa kwa nini unataka kazi hii, ulimtaja yeye. Ulinisimulia mwenyewe ukiwa na furaha, nami nikainuka kwenda kuwatazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Koplo Yusto alimfungua Mkumbo kamba, ndivyo nilivyosimuliwa, akawauliza mgambo swali ambalo walishindwa kulijibu: mshitakiwa ni nani hapa? Alimwandikia Mkumbo fomu ya PF3 akatibiwe. Kisha akafungua jalada, si la Mkumbo, la wale mgambo wawili.

Nilipata habari nikiwa shambani. Nilikwenda na matope miguuni. Nilikuwa na hasira ambayo niliiita haki. Hebu fikiri: sheria yangu ya kwanza, na koplo mmoja, mgeni, anawaweka ndani watu wanaoisimamia. Aliposikia pikipiki yangu alisimama, akavaa kofia, akanipigia saluti. Akaniita Mheshimiwa, akaniletea kiti. Sikukaa. Nikamwambia amtie Mkumbo mahabusu na awaachie wale vijana.

"Mheshimiwa, nionyeshe kosa niliandike," alisema.

Nikampa nakala ya sheria. Nilikuwa nayo mfukoni siku zote, kama mtu atembeavyo na picha ya mtoto wake. Aliisoma yote, taratibu, kidole chini ya kila mstari. Nikamwambia kosa ni kutoitikia yowe.

"Hapa panasema faini. Hapasemi rungu. Na huyu mzee aliweka chungu."

"Chungu hakimo humo," nikamwambia.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimetafuta, hakimo. Mimi si mtu wa hapa, lakini kwa miezi miwili tu nimejua chungu ni nini. Nilidhani wewe utakuwa unakijua."

Hakusema kwa dharau. Ingekuwa dharau ningepona mapema. Mkumbo alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, mkono umefungwa kanga, na alikuwa akitazama sakafu ili asinione nikiaibika. Nikamwambia Koplo kwamba ataona. Neno hilo hilo tu. Nikatoka.

Jioni ile nilipiga simu. Daftari linasema: "Nimezungumza na ndugu. Amesema atalishughulikia." Sikuomba aonewe. Hapo ndipo ujanja wa simu ulipo, mwanangu. Unasema tu kwamba kuna kijana hapa haelewani na viongozi, mwenzako anasema amekuelewa, na hakuna aliyefanya jambo baya. Wiki tatu baadaye niliandika: "Koplo ameondoka. Alizeti zimechanua vizuri upande wa juu." Aliondoka na mke mjamzito na magodoro mawili juu ya lori la vitunguu. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa kuelewana. Jalada la mgambo sikusikia tena habari zake, na sikuuliza.

Wiki ile uliniuliza afande amekwenda wapi. Nilikuwa nakula. Nikakuambia serikali imemhitaji kwingine. Ukasema, bila shaka wamempandisha cheo. Nikasema bila shaka.

Nimeinuka tena. Nimelikagua begi lako mlangoni nikaona mama yako ameliweka sawa, nikalifunga zipu, nikalifungua, nikalifunga. Jua limeshuka kwenye mti wa mkuyu. Lazima niandike haraka.

Usidhani nimekuwa mtu mwingine. Mimi ni mtu wa mambo ya zamani, na nitakufa hivyo. Naamini kijana amwamkie mkubwa, mwizi akamatwe, mtu alale mlango ukiwa umerudishwa tu. Wale wanaotukana polisi wote kwa jumla sikubaliani nao. Wengi wao hawajawahi kuibiwa ng'ombe wawili ambao ndio ada ya mtoto na jembe la mwakani. Lakini tulipoitwa mjini kutoa maoni juu ya mageuzi ya polisi, wenzangu wengi walisimama wakasema polisi waongezewe meno, na mimi nilisimama nikasema meno wanayo, hata mgambo wetu wanayo. Nilisema polisi wetu awe na jina kifuani na kitabu kilicho wazi, na mtu akikamatwa nyumbani kwake wajue siku hiyo hiyo, na diwani asiwe na namba ya simu ya kumwondoa. Hiyo ya mwisho waliona ni mzaha wakacheka. Nikacheka nao. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia nimeitoa wapi.

Na nimejifunza kuogopa sheria ndogo. Tumezipitisha za kutosha: ya saa za kufungua vilabu, ya mbuzi, ya mbwa, ya choo, ya kila kaya kulima mtama. Kila moja ina wazo zuri ndani yake. Siku hizi ikiletwa nyingine nauliza swali moja tu, nani atakwenda mlangoni kwa mtu, na atakwenda ameshika nini? Nimeuliza mara nyingi hadi wamenibandika jina, Mheshimiwa Mlango. Naingia ukumbini nasikia mtu anagonga meza, ko ko ko, hodi. Wacha wagonge. Serikali ni jambo jema ikikaa mahali pake, barabarani, zahanati, kituoni. Ikianza kuingia mpaka jikoni haiji yenyewe, humtuma mtu, na mtu huyo ana kiu na amechoka na hajui mzee huyu ni nani.

Mambo ambayo wazee waliyamaliza kwa kuuliza, mimi niliyachukua nikayapa rungu. Nilidhani naitetea mila. Niliitoa roho, nikaitunza ngozi.

Mwezi wa nne mwaka huu, ulipopata barua ya kuitwa mafunzoni, ulifurahi mpaka ukamkumbatia mbuzi. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Jumamosi nikaenda kwa Mkumbo. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana vizuri, nanunua asali kwake, hatukuwahi kuligusa. Alikuwa akishona mfuniko wa mzinga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia tu. Mizinga siku hizi hutundikiwa na watoto wa jirani.

Akaniuliza, "Mheshimiwa, umefuata kura au asali?"

Nikamwambia hakuna hata kimoja. Nikamweleza yote, rasimu, chungu nilichokiacha kwa makusudi, na simu. Nilisema nikitazama chini kama yeye siku ile kituoni. Nilipomaliza aliendelea kushona mishono miwili mitatu.

"Ya simu nilijua," akasema. "Kata nzima ilijua. Wewe tu ndiye ulikuwa unaona ni siri."

Nikamwomba msamaha. Akauangalia mkono wake kama mtu anayeangalia chombo cha zamani.

"Huu ni wangu, na ninaweza kukusamehe. Nimekusamehe siku nyingi, la sivyo usingepata asali. Lakini yule kijana si wangu. Msamaha wa kwake sina mamlaka nao. Kamtafute."

Nimemtafuta. Nimeandika barua mbili, moja ilirudi. Wengine wanasema yupo kanda ya ziwa, wengine wanasema kusini, na mmoja alisema bado ni koplo. Hilo la bado koplo linaniamsha alfajiri kabla ya jogoo.

Sasa unajua kwa nini sikuipiga simu yako. Kidole kile kile, namba ile ile. Ungepangiwa hapa karibu, mama yako angefurahi, na mimi ningekuona kila Jumapili ukiwa na sare. Na siku moja angekuja diwani kijana mwenye matope miguuni kukuambia umtie mtu mahabusu, na wewe ungekumbuka kwamba nafasi uliyo nayo ulipewa kwa simu. Koplo Yusto hakuwa anadaiwa fadhila na mtu yeyote, ndiyo maana aliweza kuisoma karatasi yangu mpaka mwisho.

Huenda sasa utakasirika zaidi kuliko siku hizi tatu. Ni haki yako. Ungeweza kuipata habari hii siku moja kwenye benchi la kituo fulani, kwa mtu mwingine, na kwangu hilo lingekuwa baya zaidi. Wiki ijayo baraza linakaa. Kuna pendekezo kwamba sheria ya yowe ipanuliwe ihusu na wanawake. Nitasimama kuomba ifutwe yote, na nitasema ilivyotungwa, nani alivunjwa mkono na nani alihamishwa. Sijui kama nitashinda, na sijui kama watu watanipa kura tena. Nilitaka ulisikie nyumbani kabla hujalisikia kwa abiria wa basi.

Sijawahi kuchana ukurasa wa daftari langu. Leo nimechana mmoja, ule wa Koplo kuondoka na alizeti kuchanua. Nimeukunja ndani ya barua hii. Ukae nao wewe. Siku nyingine mkubwa wako, au mheshimiwa fulani, au hata mimi, akikuambia "utaona", utausoma, utajua kinachofuata huwa kinaandikwaje. Kwa mistari miwili, na habari za mvua.

Nasikia pikipiki inapanda mlima. Huenda ni wewe, huenda ni mwenye duka. Barua hii nitaiweka chini ya sweta, maana najua utalitoa sweta njiani pakianza baridi, na hapo utakuwa umekwisha kuwa mbali vya kutosha kunikasirikia kwa nafasi.

Neno la mwisho ni ombi, si agizo. Jeshi lenu ni kubwa lakini watu hukutana. Ukija kumkuta mahali, mzee kidogo sasa, kidole chini ya mstari, mwambie wewe ni yule mtoto wa simu iliyookotwa. Mwamkie. Kisha mwambie unayo shikamoo nyingine uliyotumwa. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, na atashangaa, huenda akaikataa kwa adabu. Usiirudishe. Mwambie diwani yule wa matope ndiye aliyeituma, kwamba ameutafuta wakati wa kuitoa na amechelewa sana, na kwamba kama hataitikia, ataelewa.

Baba yako.